Sura ya Sita: Kujitolea Si Salongo

Neno «kujitolea» likitamkwa mbele ya wazee wa Kindu, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, haliji peke yake. Nyuma yake inafuata salongo, ile kazi ya bure ambayo utawala wa Mobutu uliidai kwa raia katika miaka ya 1970 na 1980: kufagia barabara, kufyeka majani, kulima shamba la pamoja, yote kwa jina la uzalendo, na ole wake asiyeonekana. Nyuma ya salongo kuna kumbukumbu ya mbali zaidi, ya mazao ya lazima yaliyowekwa na amri ya Wabelgiji ya mwaka 1917, ambapo mkulima wa Maniema alidaiwa siku hadi 60 za mwaka kwa ajili ya pamba au mpunga ambao hakuuchagua, na bei yake hakuipanga. Vizazi kadhaa vilifundishwa hivyo kwamba mkubwa anapoomba msaada wa hiari, anaamuru. Kwa hiyo kanisa linapomwita kijana wa mitaa ya Kasuku, Mikelenge au Alunguli aje kulea watoto «kwa kujitolea», linatumia neno ambalo historia imelichafua, na kazi ya kwanza ya anayewaongoza walezi hao ni kulisafisha. Ninachodai katika sura hii ni hiki: anayejitolea ni yule tu mwenye uwezo wa kukataa, na wa kuacha bila kudharauliwa. Kiongozi asiyemlindia mlezi uwezo huo anaendesha salongo ya Jumapili, hata kama kuta zimepambwa na ngoma zinalia.

Walezi wenyewe ni nani? Kwa Waprotestanti, waliokusanywa tangu 1970 chini ya mwavuli wa Kanisa la Kristo katika Kongo, kazi hii hufanyika katika ekodimu, jina la shule ya Jumapili lililofupishwa kutoka Kifaransa, na mwalimu wake ni moniteri. Ndivyo ilivyo kwa Wamethodisti, ambao jimbo lao la kiaskofu la Kongo Mashariki liliundwa mwaka 2012 makao yake yakiwa Kindu, na kwa Waanglikana wenye dayosisi mjini humo. Wakatoliki wana chama cha watoto cha Kizito-Anuarite, kilichopewa majina ya mfiadini mdogo wa Uganda na ya sista wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Vyeo ni vingi, lakini mtoto hana habari navyo: anayemwongoza ni yaya wake. Hapa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asimame kidogo. Kwake yaya ni mtumishi wa nyumbani, aliyeajiriwa kulea mtoto wa mwingine kwa mshahara. Katika Kiswahili cha Kongo yaya ni ndugu mkubwa, kaka au dada, na heshima yake haitokani na mshahara wowote. Tofauti hiyo ndogo ya lugha imebeba karibu mjadala wetu wote. Yaya wa Kongo halipwi, lakini nyumba ina deni kwake. Akiugua, huulizwa ameamkaje. Akiwa na mtihani, wadogo huambiwa wanyamaze. Ukifika wakati wa kuoa au kuolewa, familia hulia kidogo, kisha humwachilia; hakuna anayemwambia abaki kwa sababu wadogo hawana wa kuwaogesha. Kanisa limechukua jina la yaya, pamoja na mapenzi ya watoto yanayoandamana nalo, likaliacha deni mlangoni.

Ukubwa wa deni hilo huonekana ukihesabu anachotoa mlezi mmoja. Tumchukue moniteri anayeishi Alunguli na kuhudumu upande wa pili wa mji. Anavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, nauli ni yake. Chaki au picha za kufundishia akizitaka, mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Huyo huyo yumo katika kwaya, na kukiwa na msiba ndiye anayetumwa kupanga viti, kwa sababu jumuiya yenye watu wachache wa kutegemewa humtwika aliyekwisha kuinama. Siku za kazi huenda anafundisha darasa la msingi, na walimu wengi wa Kongo wamefundisha miaka na miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Juu yake kuna mchungaji au paroko, ambaye askofu atamhamisha baada ya miaka michache. Mlezi hahamishwi. Mchungaji mpya akifika humkuta pale kama alivyoyakuta mabenchi, na kama mabenchi, hamwulizi amekaa hapo tangu lini wala nani alimweka. Huu ndio udhaifu ambao watu hawautazami. Wenye mamlaka juu ya walezi ni wapitaji, wanaopita hawana kumbukumbu, na deni lisilo na mwenye kulikumbuka halilipwi.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, nalo ni zito kuliko wahubiri wanavyolichukulia. Katika Kongo neno motivasio limehama kutoka moyoni kwenda kwenye bahasha. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kuchanga fedha ya «kuwatia moyo», na mtindo huo ukadumu hadi elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Baada ya vita mashirika ya misaada yalileta perdiemu: semina ya siku mbili ina soda, nauli na bahasha ya kuagana. Hata wahudumu wa afya wa mtaa, ambao nao wanaitwa wa kujitolea, hupata posho siku za kampeni ya chanjo. Katika mji kama huo, anasema mpinzani wetu, kumtaka mtu akae na watoto 100 kila Jumapili bure ni ama ujinga ama unyonyaji. Lipeni, au acheni.

Historia ya shule ya Jumapili yenyewe inamjibu kwa sehemu. Robert Raikes alipoanzisha yake mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, walimu wake walilipwa. Ni baadaye, watoto walipozidi kuliko fedha, ndipo walimu wasiolipwa walipochukua nafasi, Wamethodisti wakiwa mstari wa mbele, na kufikia 1831 shule hizo zilikuwa na watoto zaidi ya milioni moja. Kazi basi ilikua baada ya mshahara kuondoka. Wanaoupenda mfano huu huwa wanaishia hapo, wakiamini kwamba bidii peke yake ilitosha. Haikutosha. Mwaka 1803 walimu wa London waliunda umoja wao wenyewe ili kusaidiana na kupata vitabu vya kufundishia. Mwaka 1872 Wamarekani walikubaliana juu ya mpango mmoja wa masomo, ili walimu wa madhehebu mbalimbali waandae somo lile lile kwa juma lile lile. Miaka miwili baadaye, John Heyl Vincent na Lewis Miller walifungua mkutano wa kiangazi kando ya ziwa Chautauqua kwa ajili ya kuwafunza walimu hao. Mshahara ulipoondolewa, kitu kingine kiliwekwa mahali pake: wenzako, somo lililokwisha kuandaliwa, na mahali pa kujifunza. Makanisa mengi ya Kongo yalirithi nusu ya habari. Yalipokea kwamba mwalimu halipwi. Yale mengine yalibaki baharini.

Hata hivyo simwachii mhubiri ushindi wote dhidi ya mpinzani. Kuna tofauti kubwa kati ya kutolipwa na kulipia. Mlezi anayetoa nauli ya mtumbwi, chaki na fedha ya simu kila juma amegeuzwa mfadhili wa kanisa bila kuulizwa, na mara nyingi ni mfadhili maskini kuliko wale wanaotajwa majina wakati wa matoleo. Paulo, ambaye hutajwa sana na wanaohimiza huduma ya bure, aliwaandikia Wakorintho kwanza kwamba mhubiri ana haki ya kuishi kwa kazi yake, akaitetea haki hiyo kirefu, ndipo akasema yeye ameamua kutoitumia. Utaratibu huo ndio wenye maana: huwezi kutoa zawadi ya kitu ambacho hukupewa kwanza. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 231, nayo inafunga mambo mawili kwa kamba moja: mlei anayejitoa kwa huduma maalumu anapaswa kupata mafunzo yanayofaa, na ana haki ya malipo ya heshima yanayolingana na hali yake. Na majirani Waislamu, ambao Maniema imeishi nao tangu siku za Nyangwe na Kasongo, wanatoka katika desturi ambayo haikumfanya mwalimu wa chuo cha Kurani kuwa mwajiriwa, lakini pia haikumwacha mikono mitupu. Mtoto akihitimu, nyumba humshukuru mwalimu kwa kitu kinachoonekana. Parokia isiyoweza kulipa mshahara inaweza kurudisha nauli. Isipoweza hata hilo, imchague mlezi wa upande wake wa mto.

Lakini ukiniuliza ni nini hasa humchosha mlezi, sitaanza na nauli. Nitaanza na upweke. Anaandaa peke yake usiku wa Jumamosi, anafundisha peke yake nyuma ya kanisa wakati watu wazima wanahubiriwa, na kwa sababu hiyo yeye ndiye Mkristo pekee katika usharika ambaye hasikii mahubiri kwa miezi mfululizo. Analisha na halishwi. Dawa yake haina gharama kubwa: jioni moja katikati ya juma ambapo walezi wote hukaa pamoja, wakasoma sura watakayoifundisha, wakabishana juu yake kama watu wazima kabla ya kuirahisisha kwa watoto, na mchungaji akawepo kama mwanafunzi mwenzao. Mchungaji anayesema hana nafasi ya jioni hiyo amekwisha kusema watoto wako namba ngapi kwake. Kuna pia suala la shukrani, ambalo viongozi wengi hulikwepa kwa kujificha nyuma ya methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ni ya kweli kuhusu sifa za ovyo. Haikusema mgema asiulizwe amepandaje mnazi, na kama kamba yake bado ni nzima.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa, kwa watu wa imani kali. Hii ni kazi ya Mungu, wanasema. Mtumishi wa Mungu hahesabu masaa, na thawabu yake iko mbinguni. Wanaelekeza kidole kwa wasimamizi wenyewe wa chama cha watoto: Kizito alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa kijana wa miaka kama 14, na Anuarite alikubali kufa kuliko kuvunja nadhiri. Mbele ya mifano hiyo, nani atalalamika kwamba amechoka? Nakubali ukuu wa mifano. Nakataa matumizi yake. Kizito na Anuarite hawakufa kwa uchovu wa ratiba mbaya, na si haki kumfunika kiongozi mzembe kwa damu yao. Ukiisoma habari ya Uganda kwa makini, utaona jambo ambalo linatetea upande wangu. Wale vijana wa ikulu ya mfalme Mwanga walikuwa na mlezi, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alibatizwa, naye akachukua mahali pake, na ndiye aliyembatiza Kizito kabla ya safari ya Namugongo. Katika hatari iliyo kubwa kuliko zote, kundi lile halikukosa mlezi hata juma moja, kwa sababu alikuwepo mtu wa pili aliyekwisha kuandaliwa. Ni usharika gani wa leo, usio na mfalme wa kuuwinda, unaoweza kutaja mtu wa pili wa darasa lake la watoto?

Maandiko nayo yanahesabu masaa kuliko watu wa imani kali wanavyokumbuka. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Mlawi anaingia kazini akiwa na miaka 25, na akifika 50 anaachishwa kazi nzito. Anaruhusiwa kuwasaidia ndugu zake, lakini mzigo si wake tena. Katika Luka, sura ya 1, Zakaria anahudumu hekaluni kwa zamu ya kundi lake, na siku zake zikiisha anarudi nyumbani. Yeye ni kuhani, amemwona malaika, amepoteza sauti, na bado zamu yake ina mwisho. Sijui hoja gani inaweza kumnyima moniteri wa Mikelenge kile ambacho hekalu la Yerusalemu lilimpa Zakaria. Waswahili waliwahi kulisema kwa ufupi: hiari yashinda utumwa. Methali nyingine, ya punda afe mzigo ufike, ina wapenzi wengi zaidi kanisani, ingawa hakuna anayekiri.

Kuna sababu moja ya pekee ya kuwa waangalifu Kindu, nayo ni umri wa walezi wenyewe. Mji ulitekwa na waasi Oktoba 1998, na mwaka 2002 wapiganaji wa Mai-Mai waliuzingira; mashamba ya pembezoni yakawa hayafikiki, na njaa ikaingia mjini. Aliyekuwa na miaka 8 mwaka huo sasa amepita 30. Ndiye moniteri wa leo, ndiye yaya. Tunamkabidhi watoto na kumwambia awafundishe kwamba Mungu ni mchungaji, bila kumwuliza yeye mwenyewe alijifunza nini juu ya wachungaji akiwa na umri wao. Wengi wamegeuza yale waliyopitia kuwa upole wa ajabu kwa watoto. Wengine hukasirika haraka, hupiga, hawajui kwa nini. Kiongozi hahitaji kuwa daktari wa akili ili alione hili; anahitaji kuwa karibu kiasi cha kuona kwamba mlezi fulani amebadilika tangu mwezi uliopita. Na ukaribu huo una faida kwa mtoto pia. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, haina mlango maalumu kwa makanisa, na mwaka 2019 Papa Fransisko naye aliweka utaratibu wa lazima wa kuripoti unyanyasaji ndani ya Kanisa Katoliki. Wapo wanaonung'unika kwamba kanuni za namna hii zitawafukuza wenye moyo mwema, kana kwamba wanashukiwa. Nadhani ni kinyume. Kanuni iliyo rahisi kuliko zote, ya kutomwacha mtu mzima mmoja peke yake na watoto, ikifuatwa inaleta walezi wawili kwa kila darasa. Aliyechoka ana wa kumpokea, mgeni ana wa kujifunza kwake, na anayesingiziwa ana shahidi. Kanuni inayomlinda mtoto ndiyo inayouondoa upweke wa mlezi.

Namna ya kumpokea mlezi basi ni lazima ibadilike. Aitwe kwa jina, aambiwe kazi ni ipi na darasa lipi, apewe mwenzake, na zaidi ya yote aambiwe tarehe ya mwisho: mwaka mmoja, au miwili, kisha usharika wote utamshukuru mbele ya watoto na kumwuliza upya. Akisema ndiyo, itakuwa ndiyo yake. Akisema hapana, arudi kwenye benchi na kusikia mahubiri, na pasiwepo wa kumnong'ona. Daftari la majina alikabidhi mbele ya mzee wa kanisa, ili mchungaji mpya akija akute kumbukumbu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Hapo huja pingamizi la mwisho, lile la wazi kabisa: mkiwafungulia mlango, wote watatoka. Historia ya Kongo ina mtihani unaokaribiana na huo. Mwaka 1972 serikali ilivipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa, ikabaki JMPR, tawi la vijana la chama tawala, peke yake. Yaani mlango wa kutoka ulifunguliwa na dola yenyewe, tena kwa vitisho. Imani ya watoto haikuzimika. Ilirudi majumbani na katika jumuiya ndogo ambazo maaskofu walikuwa wamezichagua kuwa njia yao tangu 1961, na ambazo Wakatoliki wa mashariki huziita shirika. Waliokuwa wanawalea watoto kwa hiari yao waliendelea, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewalazimisha tangu mwanzo. Lakini sitaahidi kwamba kila usharika utapata bahati hiyo. Pengine wawili watabaki kati ya sita, na pengine siku moja hatabaki hata mmoja. Ikifika hapo, darasa lifungwe kwa mwezi, bila kumpigia magoti yule aliyeomba kupumzika. Jumapili hiyo watoto wote wataingia kanisani na kukaa na wazazi wao. Watajikuna, wataangusha viatu, watauliza kwa sauti mahubiri yanaisha lini. Kufikia matoleo ya pili, baba mmoja aliyevaa koti, mwenye wanne mapajani na kando yake, atageuka nyuma kutazama chumba kilichofungwa na kuuliza nani hasa alikuwa anakaa na hawa.